Picha ya Ini la Mama Mkwe

Miaka yote niliyoishi na mke wangu, na hata baada ya kumzika, sikuwahi kukaa chumba kimoja na mama yake. Si kwamba tulikosana. Kwao Bungoma heshima ndivyo ilivyo: mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hukata kona akapitia kwenye mahindi. Mimi ni mtoto wa watu waliotoka Murang'a wakanunua shamba karibu na Moi's Bridge. Kwetu mama mkwe unamsalimia kwa mkono, anakumiminia chai, na akikasirika anakugombeza mwenyewe bila kutuma mjumbe. Siku ya kwanza kupelekwa kwao nilinyoosha mkono, na yule mama akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Mke wangu alicheka njia nzima ya kurudi Kitale.

Kwa hiyo nilimjua mama mkwe kwa mgongo na kwa sauti. Mgongo niliuona akiingia jikoni kwa haraka nilipofika uani. Sauti niliisikia kupitia ukutani nikila peke yangu sebuleni, akiwafokea mbuzi au akiulizia kama nimeongezewa mchuzi. Ilikuwa sauti ya mke wangu kabisa, nzito kidogo, yenye kukwaruza mwishoni mwa neno. Mke wangu alipokufa, nikawa nina safari nyingi za Bungoma. Nauza vyakula vya mifugo mjini Kitale, basi kila mara nilipata gunia la kuwapelekea kuku wake. Watu walinisifu kwa utu wangu. Utu gani? Nilikuwa naenda kusikiliza.

Kuna namna ya kuondoa ile haya ya mkwe na mama mkwe. Wazee wao walinieleza: zawadi hutolewa pande zote mbili, na mke ndiye husimama katikati. Tulipanga tuifanye Desemba, watu wakiwa nyumbani. Mke wangu hakuifikia Desemba hiyo. Damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni, akalazwa asubuhi na jioni hakuwepo. Mama yake alifika hospitalini akamkuta amefunikwa. Kwenye matanga yeye alikaa na wanawake, mimi na wanaume. Mtu aliyekuwa na mke wangu saa zile za mwisho ni mimi peke yangu, na mtu mwenye haki ya kuniuliza habari zake hakuruhusiwa kuniuliza. Nilingoja atume mtu. Hakutuma.

Halafu kansa ikampata yeye. Ilianzia kwenye utumbo mkubwa. Wakamkata utumbo kule Eldoret, wakampa kemo mzunguko baada ya mzunguko, akakonda, nywele zikaisha, akazifunika kwa kitambaa na kuendelea kupalilia. Kwenye ini kulikuwa na madoa, na kemo iliyafuta yote isipokuwa moja, upande wa kulia. Daktari wa upasuaji alitaka kuukata upande huo wote. Tatizo, alisema, dawa za kemo zenyewe hulichosha ini. Akikata upande wa kulia na wa kushoto ukawa umechoka, mama hataamka vizuri kutoka mezani. Akikosa kukata, lile doa litakua. Kwa hiyo akaomba picha ya MRI yenye dawa maalumu, ambayo ini lenye nguvu huinywa kutoka kwenye damu na kung'aa kwenye picha. Lililochoka hubaki kijivu, na uvimbe, kwa kuwa si ini tena, hubaki mweusi. Shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, ndiye alinieleza haya yote kwa simu. Ni mwalimu wa sekondari, na hueleza kila kitu kana kwamba kutakuwa na mtihani.

"Kwa hivyo hiyo picha ndiyo itasema kama watamkata ama watamwacha," akamaliza. "Inafanyiwa Kitale. Utatubeba?"

"Na haya?" nikauliza.

"Si yeye atakaa nyuma kabisa na mimi nikae katikati, bana. Tutafanyaje?"

Nikaenda na gari langu, Probox, alfajiri. Na hapa ndipo desturi ilipotuharibia mambo. Shemeji alikuwa amemwambia mama yake mara nyingi kwamba asile kitu wala asinywe chai. Mama alikubali. Lakini mkwe anakuja asubuhi! Mkwe hawezi kuingia uani akatoka na tumbo tupu, hata kama amekuja kukupeleka kupimwa. Nilikuta kuku ameshachinjwa na kupikwa, ugali unafuka, firigisi imewekwa juu ili nisije nikasema sikupewa. Nikala peke yangu sebuleni huku shemeji akitazama saa. Kilichonifanya nitabasamu siku ile, na baadaye kisinifanye nitabasamu, ni kuisikia ile sauti ukutani ikisema, "Chumvi iko sawa, nimeonja."

Tulifika Kitale mapema. Mtaalamu wa picha alikuwa mwanamke wa makamo, mpole lakini asiyependa maneno mengi. Alimuuliza mama kama ana chuma chochote mwilini, kama figo zake zimepimwa, kisha akauliza, "Shosho, umekula saa ngapi?"

Mama hakujua kudanganya. "Leo sijakula. Nimeonja tu supu ya mkwe. Na bawa moja. Na chai kidogo ya kuteremsha."

Shemeji alifunika uso kwa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango, mahali pangu pa kawaida, nikasikia yote. Yule mtaalamu akasema hawezi, tumbo lazima likae tupu saa kadhaa, tungoje hadi alasiri. Hasira zilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani. Mama alikuwa amepika kuku wa heshima. Mimi ndiye niliyemla.

Tukangoja. Mama na binti yake walikaa ndani, mimi nikakaa kwenye gari. Saa sita shemeji akatoka akiwa amevaa mkoba. Wiki ile alikuwa na zamu ya bweni, na mwalimu mkuu alikuwa amempigia simu mara tatu.

"Lazima nirudi shule," akasema. "Nimemwelezea mama. Ukimaliza mpeleke nyumbani tu. Yeye akae nyuma, wewe angalia barabara."

"Watu watasema."

"Watu hawana kansa, shemeji."

Akapanda bodaboda akaenda zake. Ndivyo nilivyobaki peke yangu na mtu ambaye hatukuwahi hata kusalimiana.

Alasiri walimwingiza. Mimi nikajibanza kwenye korido, uso kwa ukuta, hadi mlango mzito ukafungwa. Haukupita muda mrefu yule mtaalamu akatoka akinitafuta.

"Wewe ndiye uko na shosho? Ameingia, lakini hatulii. Kwanza mashine iliongea ile Kiingereza yake, akashtuka. Nikamwambia mimi kwa Kiswahili avute pumzi, ashikilie. Anaitikia lakini hashikilii, kila picha inatoka imetikisika. Ameniambia anaogopa kuamrishwa na mtu hamwoni. Anataka sauti anayoijua. Wewe ni kijana wake?"

Ningesema nini? Ningemweleza mambo ya haya hapo kwenye korido, na foleni inangoja? "Ni mkwe wake," nikasema.

"Ni sawa tu. Kuja uongee naye."

Akanikalisha mbele ya kioo kikubwa. Upande wa pili nikaona mashine na nyayo mbili ndogo zenye soksi za kijani. Zaidi ya hapo sikuona kitu, mwili wote ulikuwa ndani ya ule mtungi wa mashine. Nikapumua. Kumbe sikuvunja kitu. Yeye hanioni, mimi simwoni. Walimvisha spika masikioni, na mimi nikasogezewa kipaza sauti na kuonyeshwa kitufe cha kubonyeza.

Nikaweka kidole juu ya kile kitufe. Nikabonyeza.

"Mayi," nikasema. Ndivyo mke wangu alivyomwita, na ndivyo nilivyomwita mimi kichwani, ingawa sikuwahi kulitoa lile jina mbele yake.

Kisha kwenye spika ya mezani, karibu kabisa na sikio langu, bila ukuta, bila jiko, bila mbuzi: "Ni wewe, baba?"

Nilishika ukingo wa meza. Sikuwa nimejitayarisha. Kwa kupitia ukuta sauti ile ilifanana na ya mke wangu. Kwenye spika ile ilikuwa ya mke wangu hasa, vile alivyokuwa akinipigia simu dukani kuniuliza nitarudi saa ngapi. Nilimtamani mke wangu wakati ule hadi kifua kikaniuma. Yule mtaalamu akanigusa bega, akanionyesha ishara ya kuendelea.

"Ni mimi, Mayi. Nitakuwa nakwambia lini uvute pumzi. Ukivuta, shikilia mpaka nikwambie uachilie. Usitikisike."

"Haya. Lakini usiende mahali."

"Siendi."

Tukaanza. Yule mtaalamu alinyoosha kidole nami nikasema: vuta, toa, vuta, shikilia. Mashine ikagonga na kunguruma. Achilia, Mayi. Picha zikaanza kutoka safi. Kisha dawa ikaingizwa kwenye mshipa wa mkono, na picha zikapigwa mfululizo, shikilia, achilia, shikilia tena. Nilikuwa nashikilia pumzi pamoja naye bila kujua, hadi mtaalamu akanicheka.

"Sasa tunangoja," akasema. "Dakika kama ishirini, ini likunywe hiyo dawa. Hizo picha za mwisho ndizo daktari anataka. Zingine zote ni za kusaidia. Hizo zikitikisika, hatujafanya kitu, na dawa ya kurudia leo haiko." Akaniruhusu niendelee kuongea na mama ili asilale wala asiogope, mashine ikiwa imenyamaza.

Nilimwambia amefanya vizuri. Akaniambia mgongo unamuuma. Akaniuliza kama nilishiba asubuhi, nikasema nilishiba, akasema ati yule kuku alikuwa mzee kidogo, nimvumilie. Tulicheka, mimi upande huu na yeye ndani ya mtungi. Akaniuliza kama bado nimeweka nguo za binti yake. Nikamwambia bado ziko. Akasema na yeye ana sweta moja ya shule ya msingi, imetoboka viwiko vyote, hawezi kuitupa. Tulikuwa tunaongea kama watu wa nyumba moja. Nilitaka ini lile linywe polepole, lichukue siku nzima.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba. Humu ndani hakuna mtu ananiona, acha niulize. Siku ile, mtoto wangu aliniulizia?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu siku ya mazishi. Jibu nililibeba mdomoni muda wote, kila safari ya Bungoma, kila gunia. Nikafungua mdomo kulitoa. Yule mtaalamu akainua mkono, akatazama saa ya ukutani na kuninong'oneza, "Karibu tupige."

Nikaelewa. Nikimjibu sasa, atalia. Hata nikimjibu nini, atalia, na mtu anayelia hawezi kushikilia pumzi. Picha itatikisika, daktari hatajua kama ini litaweza, na hatamkata. Mama wa mke wangu alikuwa ananiomba kitu kimoja tu, cha pekee alichowahi kuniomba, na nilitakiwa kumnyima kwa ajili ya picha.

Nikabonyeza kitufe. "Nitakwambia tukimaliza, Mayi. Sasa hivi tulia. Vuta pumzi."

Hakubisha. Nilimsikia akivuta. Alishikilia kuliko mara zote zilizotangulia, zile nyayo za soksi za kijani hazikusogea hata kidogo. Achilia. Vuta tena. Shikilia. Nilizitoa amri zile kwa sauti ngumu, maana ingelainika ningevunjika mimi kwanza. Ilipokwisha, mtaalamu akasema asante, akazima kipaza sauti, na taa yake nyekundu ikazimika.

Kwenye skrini ini lilikuwa limetokea. Mimi si daktari, lakini hata mimi niliona: upande wa kushoto ulikuwa mweupe wote, unang'aa, na kulia, katikati ya weupe, kuna doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Nikamtazama mtaalamu. "Mimi sisemi majibu," akasema, lakini alikuwa anatabasamu. Akamwita daktari wa picha kutoka chumba cha pili. Yeye aliangalia kwa muda mrefu, akapandisha na kushusha, kisha akaniambia ripoti itaenda Eldoret, uamuzi ni wa daktari wa upasuaji, ila sehemu itakayobaki imeinywa dawa vizuri sana. Ini hili halijachoka, alisema. Nikamshukuru mara nyingi kupita kiasi.

Mlango mzito ulipofunguliwa, miguu yangu ilinitoa yenyewe. Nilijikuta kwenye korido nimegeukia ukuta, kama ilivyotakiwa. Nilisikia kandambili zake zikipita nyuma yangu, polepole. Nilijichukia na kuichukia ile korido. Muda mfupi tu uliopita tulikuwa tunacheka habari za kuku.

Aliingia kwenye gari nyuma kabisa, akajitanda leso hadi usoni. Nikamweleza, macho yakiwa mbele, kwamba picha ni nzuri na ini lina nguvu. "Mungu asante," akasema, basi. Tukashika barabara ya Webuye. Tulipita Kiminini, wanawake wakiuza ndizi kando ya lami, na mimi nikawa napanga maneno na kuyapangua. Niliahidi tukimaliza. Lakini kule ndani ya mashine palikuwa pahali pengine. Hapa palikuwa barabarani, mchana, yeye mama mkwe na mimi mkwe, na mtu wa kusimama katikati hakuwepo.

Tulikaribia Kamukuywa ndipo akasema, "Baba. Si tumemaliza?"

Nilipunguza mwendo. Sikugeuka. "Alikuulizia, Mayi. Aliniuliza, mama amefika wapi? Nikakupigia, mtu uliyeketi naye garini akashika simu, akasema gari lenu liko Kamukuywa. Nikamwambia hivyo. Akasema, basi wacha nilale kidogo. Akifika, mniamshe."

Akalia kule nyuma. Nami nikalia, nikiendesha, machozi yakinizuia kuona barabara vizuri.

"Simamisha gari," akasema.

Nikasimama kando. Nilidhani anataka kushuka alie penye hewa. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguka na kufungwa, kisha mlango wa mbele ukafunguka, na mama mkwe akaingia akaketi karibu nami. Leso ilikuwa mabegani. Nilimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa na pua ya mke wangu na kile kialama kidogo chini ya jicho ambacho siku zote nilidhani mke wangu alikipata kwa kuanguka utotoni.

"Twende, baba," akasema.

Tulienda hivyo, tukipita Misikhu, tukipita Webuye, tukiongea habari za mke wangu tu: alivyokuwa mvivu wa kuteka maji, alivyokuwa akiimba vibaya kanisani kwa sauti ya juu. Nilimweleza za Kitale, naye akanieleza za utotoni. Sikumbuki niliendeshaje. Kwenye kona ya mwisho kabla ya boma lao akaniambia, "Simama hapa." Akashuka, akarudi nyuma, akajitanda leso. Tuliingia uani hivyo, majirani wakatoka kumpokea, na yeye akashuka akaelekea jikoni kwa haraka, akinipa mgongo.

Walimkata. Alilala hospitalini siku nyingi kuliko walivyotabiri, lakini aliamka, akala, akarudi nyumbani. Juzi shemeji amenipigia simu kwa furaha: daktari amesema sehemu iliyobaki imekua, inafanya kazi, na kuanzia sasa kipimo cha damu na ultrasaundi vinatosha. Hivyo vinafanyiwa hapo hapo Bungoma, na shemeji mwenyewe atampeleka. Hakuna tena haja ya kuja Kitale kwa ile picha.

Nikamwambia Mungu ni mwema, na nilimaanisha. Nikawatangazia hata wateja dukani. Kisha nikafunga duka mapema, nikaenda nikaketi ndani ya Probox, nikakitazama kile kiti cha kando yangu, nikalia kama nimefiwa mara ya pili.